Piramidi mbili, mhimili mmoja: kuchora na kulinganisha piramidi za watu kwa lahajedwali

Piramidi ya watu ni mchoro wa pau zilizolala. Kila kundi la umri lina pau mbili, wa wanaume ukielekea kushoto na wa wanawake ukielekea kulia, watoto wakiwa chini na wazee juu. Francis Amasa Walker, aliyesimamia sensa ya Marekani ya 1870, alichapisha michoro ya namna hii katika atlasi ya takwimu ya mwaka 1874, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Leo yeyote mwenye kompyuta anaweza kuichora kwa robo saa.

Piramidi moja haina taabu. Taabu huanza unapoweka mbili pamoja na kumwambia msomaji, "Tazama, nchi hii inazeeka, ile bado changa." Jicho huamini umbo kabla ya kusoma tarakimu. Mihimili ikitofautiana, au ukigawanya kwa jumla isiyo sahihi, umbo litasema uongo na msomaji hatakuwa na njia ya kujua. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu jedwali na kulinganisha, na uchoraji wenyewe una nafasi ndogo. Nimefuata Excel, na pale LibreOffice Calc au Google Sheets zinapokwenda njia nyingine nimesema. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Hatua ya 1: Pata takwimu zinazolingana

Unahitaji vitu vitatu: makundi ya umri, idadi ya wanaume katika kila kundi, na idadi ya wanawake. Chanzo kinachofaa zaidi kwa kulinganisha nchi ni World Population Prospects, takwimu za Umoja wa Mataifa zinazopatikana bure. Toleo la 2024 lina makadirio ya kuanzia 1950 hadi 2023 na matarajio ya kuanzia 2024 hadi 2100. Yapo mafaili ya makundi ya miaka mitanomitano na mafaili ya umri wa mwaka mmojammoja.

Kumbuka kwamba tarakimu zake ziko katika maelfu. Ukikuta 4,512 maana yake ni watu 4,512,000. Aliyesahau jambo hili akaweka safu hiyo karibu na safu ya sensa, ambayo huhesabu mtu mmojammoja, atapata nchi yenye watu wachache kuliko kijiji.

Sensa ya nchi nayo ni chanzo kizuri, tena ina kasoro zake za wazi ambazo makadirio huwa yamezisawazisha. Ila usichanganye bila kujua: piramidi moja kutoka sensa ghafi na nyingine kutoka makadirio yaliyorekebishwa hazijapimwa kwa kipimo kimoja. Ukilazimika kuzichanganya, liandike hilo chini ya mchoro.

Hatua ya 2: Panga jedwali, na jihadhari na tarehe

Mpangilio wa kawaida una mistari 17: 0 hadi 4, 5 hadi 9, na kuendelea mpaka 75 hadi 79, kisha 80 na zaidi. Safu A iwe ya umri, B ya wanaume, C ya wanawake. Mstari wa kwanza uwe wa vichwa, hivyo takwimu zitaanzia mstari wa 2 na kuishia wa 18. Fomula zote hapa chini zinafuata mpangilio huo.

Sasa andika 5-9 kwenye seli, ubonyeze Enter. Kutegemea mipangilio ya kompyuta yako, programu itaigeuza kuwa tarehe 9 Mei au tarehe 5 Septemba. Ndivyo pia kwa 10-14 kwenye kompyuta inayotanguliza mwezi. Kwa hiyo kundi moja au mawili ya chini yanapotea huku mengine yakibaki salama, na wanaoanza kazi hii hukwama hapa kuliko mahali pengine popote. Ukishaona tarehe, kubadilisha umbizo la seli kuwa maandishi hakutakuokoa, maana utaletewa namba kubwa ya ajabu, ambayo ndiyo tarehe yenyewe kama programu inavyoihifadhi ndani kwa ndani.

Dawa ni kutangulia. Teua safu A nzima kabla ya kuandika chochote, uiumbize kama maandishi, ndipo uandike au ubandike maandishi matupu. Ukiandika kundi mojamoja, tanguliza ritifaa: '5-9. Mimi napendelea kuandika "5 hadi 9" moja kwa moja. Neno hilo haliwezi kugeuzwa tarehe na programu yoyote, na litakusaidia tena kwenye fomula za utafutaji huko mbele. Kama faili lako ni la CSV, yaani maandishi matupu ambayo safu zake zimetenganishwa kwa mkato, usilifungue kwa kubofya mara mbili. Lilete kupitia menyu ya Data, utaulizwa kila safu ni ya aina gani, na hapo utaitaja safu ya umri kuwa maandishi.

Halafu hakikisha tarakimu ni tarakimu. Mafaili mengine hutenganisha maelfu kwa nafasi, na lahajedwali huona maandishi pale unapoona namba. Dalili yake ni kwamba zimejipanga kushoto mwa seli, na SUM inarudisha sifuri. Tafuta nafasi hizo na uzifute kwa Find and Replace. Zikigoma kufutika, nakili moja kutoka kwenye seli yenyewe uibandike kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa sababu huenda si nafasi ya kawaida ya kibodi.

Chanzo kimoja kikiishia 80 na zaidi na kingine 100 na zaidi, vyote vishushwe kwenye kile cha chini: jumlisha makundi yote ya kuanzia 80. Na kama kundi la chini limegawanywa kuwa "chini ya mwaka 1" na "1 hadi 4", liunganishe. Pau za piramidi zina maana pale tu kila moja inapobeba idadi ileile ya miaka. Kundi la juu kabisa ndilo pekee linalovunja kanuni hii, nasi tunalivumilia kwa kuwa halina mwisho.

Hatua ya 3: Geuza kuwa asilimia, na wanaume kuwa hasi

Tuseme nchi ya kwanza ina watu 2,000,000 na wavulana wa miaka 0 hadi 4 ni 160,000. Nchi ya pili ina watu 60,000,000 na wavulana hao ni 1,800,000. (Namba hizi ni za mazoezi, hazihusu nchi yoyote.) Ukichora idadi, upau wa nchi ya pili utakuwa mrefu zaidi ya mara kumi, na mtazamaji ataondoka akidhani huko ndiko kwenye watoto wengi. Kwa asilimia, nchi ya kwanza ina 8% na ya pili ina 3%. Ya kwanza ndiyo changa, tena kwa mbali.

Kwenye D1 andika Wanaume, kwenye E1 andika Wanawake. Kisha:

D2: =-B2/SUM($B$2:$C$18)
E2: =C2/SUM($B$2:$C$18)

Buruta zote mbili mpaka mstari wa 18. Alama ya kutoa kwenye D2 ndiyo siri nzima ya mchoro huu: programu hizi hazina chati ya piramidi miongoni mwa chati zake za kawaida, kwa hiyo tunafanya wanaume wawe namba hasi ili pau zao zielekee kushoto mwa sifuri. Alama za dola zinaifunga jumla isihame unapoburuta. Kama fomula zenye mkato zinakataliwa kwenye kompyuta yako, weka nukta mkato mahali pa mkato. Hilo hutegemea lugha na eneo lililowekwa.

Tazama vizuri tunagawanya kwa nini. Jumla ni ya wanaume na wanawake pamoja, kuanzia B2 hadi C18. Wapo wengi wanaogawanya wanaume kwa jumla ya wanaume na wanawake kwa jumla ya wanawake, na mchoro wao hutoka mzuri tu. Lakini pande zote mbili zinakuwa na ukubwa sawa kwa lazima. Jaribu kwa Qatar, ambako wanaume ni zaidi ya theluthi mbili ya wakazi kwa sababu ya wafanyakazi wahamiaji. Kwa jumla ya pamoja utaona upande wa kushoto ukifura kwenye umri wa miaka ya ishirini na thelathini. Kwa jumla za kila jinsia peke yake, wingi huo wa wanaume unatoweka, na jambo kubwa kuliko yote kuhusu nchi hiyo linafutika kwenye mchoro.

Kabla ya kuendelea, kwenye seli tupu weka =SUM(E2:E18)-SUM(D2:D18). Jibu lazima liwe 1, yaani 100%. Likiwa 0.98 au 1.03, kuna seli ambayo fomula haikufika au alama za dola zilizosahaulika; ila mstari wa "Jumla" ulionakiliwa pamoja na makundi hauonekani kwa kipimo hiki, hivyo utafute kwa macho.

Hatua ya 4: Chora

Teua A1:A18, shikilia Ctrl, kisha uteue D1:E18. Nenda Insert, kwenye chati za pau, uchague Stacked Bar, yaani pau zilizolala na kupangwa pamoja. Umbo litatokea papo hapo, lakini bado halipendezi. Marekebisho ni manne.

Majina ya makundi ya umri yameketi katikati, juu ya pau za wanaume. Bofya mara mbili mhimili wa wima, na kwenye Labels weka Low. Yatahamia ukingoni kushoto. Calc inaiita Outside start.

Pau zina mapengo makubwa. Bofya upau wowote, punguza Gap Width iwe 5% au hata 0. Mapengo yakiisha, macho yanaona umbo zima, na umbo ndilo tunalolitafuta.

Mhimili wa chini unaonyesha wanaume kama asilimia hasi. Hakuna watu hasi. Kwenye umbizo la namba la mhimili huo andika 0%;0% na uliongeze. Sehemu iliyo kabla ya nukta mkato inaelekeza namba chanya ziandikwe vipi, ya baada yake namba hasi; kwa kuwa ya pili haina alama ya kutoa, alama hiyo haitaonekana. Kama unachora idadi ya watu, tumia #,##0;#,##0. Kwenye Google Sheets, umbizo hili liweke kwenye seli zenyewe za safu D na E, nayo chati italifuata.

Marekebisho ya nne, mipaka ya mhimili, yanastahili hatua yake mwenyewe.

Google Sheets huweka mstari wa kwanza juu, hivyo utapata watoto juu na wazee chini. Kwenye mipangilio ya mhimili wa wima, weka alama kwenye Reverse axis order. Usiligeuze jedwali lenyewe, maana fomula zote za mwongozo huu zinategemea watoto wawe mstari wa 2.

Hatua ya 5: Funga mhimili

Programu ikiachwa ijiamulie, itatanua kila chati mpaka ijaze nafasi yake. Nchi ambayo upau wake mrefu ni 4% na nchi ambayo upau wake mrefu ni 10% zitatoka na upana uleule. Isitoshe, upande wa kushoto unaweza kuishia 8% na wa kulia 10%, na hapo hata wanaume na wanawake wa nchi moja hawalinganishiki. Nimewahi kukaa na kikundi cha wanafunzi waliobishana saa nzima ni ipi kati ya nchi mbili yenye watoto wengi zaidi, kila upande ukinyoosha kidole kwenye mchoro. Mhimili mmoja ulikuwa unaishia 5% na mwingine 12%. Wote walisoma vizuri walichopewa. Niliyewapa ndiye nilikosea.

Kwenye kila jedwali unalotaka kulinganisha, weka:

=MAX(MAX(E2:E18),-MIN(D2:D18))

Hii inakupa upau mrefu kuliko wote. Chukua jibu kubwa katika majedwali yote, lipandishe hadi asilimia nzima inayofuata, na hiyo ndiyo iwe mipaka ya chati zote. Likitoka 0.093, weka Minimum -0.1 na Maximum 0.1, na Major unit 0.02. Ziandike kwa mkono hata kama programu tayari inaonyesha namba hizohizo, kwa sababu zilizo za kujiamulia zitabadilika mara takwimu zitakapobadilika.

Chati ya pili usiichore upya. Nakili lahakazi nzima, halafu bandika takwimu za nchi au mwaka mwingine juu ya B2:C18. Chati itakuja na mipaka, rangi na ukubwa uleule. Ukubwa nao una maana: chati mbili zenye mhimili mmoja lakini moja imevutwa kwa upana bado zinapotosha.

Hatua ya 6: Chagua namna ya kulinganisha

Ubavu kwa ubavu ndiyo njia ya nchi mbili zenye maumbo yaliyoachana sana. Jaribu Niger na Japani za mwaka mmoja. Niger ina msingi mpana unaochongoka haraka kwenda juu, kwa kuwa uzazi ni mkubwa na nusu ya watu wako chini ya miaka 16 hivi. Japani ni nyembamba chini, imevimba mahali pawili huko juu. Hapa hakuna haja ya ujanja wowote zaidi ya mhimili mmoja.

Kwa nchi moja katika miaka miwili, tofauti ni ndogo na macho hayawezi kuzishika yakihama kutoka chati moja kwenda nyingine. Weka moja juu ya nyingine. Panga safu nne: wanaume wa mwaka wa kwanza (hasi), wanawake wa mwaka wa kwanza, wanaume wa mwaka wa pili (hasi), wanawake wa mwaka wa pili. Safari hii chagua Clustered Bar badala ya Stacked, kwa sababu Stacked itaunganisha miaka miwili kuwa upau mmoja mrefu. Kisha kwenye mipangilio ya upau weka Series Overlap 100%. Pau zote nne zitakaa mstari mmoja, za mwaka wa pili zikifunika za mwaka wa kwanza. Ziondolee hizo za juu rangi ya ndani, ziachie mpaka mweusi tu. Sasa mwaka wa kwanza unaonekana kama kivuli chenye rangi na wa pili kama uzio uliochorwa juu yake; kila mahali uzio unapotoka nje ya kivuli, kundi hilo limeongezeka uzito. Calc ina mpangilio huohuo. Google Sheets haina, hivyo huko baki na ubavu kwa ubavu.

Njia ya tatu ni kuacha piramidi na kuchora tofauti yenyewe: toa asilimia ya mwaka wa kwanza kutoka ya mwaka wa pili kwa kila kundi, ukitumia namba chanya kwa jinsia zote. Haipendezi kama piramidi, lakini kama hoja yako ni "kundi lipi limebadilika kwa kiasi gani", ndiyo inayojibu kwa unyoofu zaidi.

Wenye miaka mingi ya takwimu wanaweza kutengeneza piramidi inayobadilika. Weka takwimu zote kwenye lahakazi iitwayo Data, safu zikiwa Nchi, Mwaka, Umri, Wanaume, Wanawake. Kwenye lahakazi ya chati, H1 iwe orodha kunjuzi ya nchi na H2 ya miaka, zote kupitia Data Validation. Kwenye B2 weka:

=SUMIFS(Data!$D:$D,Data!$A:$A,$H$1,Data!$B:$B,$H$2,Data!$C:$C,$A2)

Kwenye C2 badilisha $D:$D iwe $E:$E, kisha buruta zote mbili. Makundi ya umri lazima yaandikwe sawasawa pande zote mbili, na hapa ndipo "5 hadi 9" inapokuokoa, kwani sharti lililoandikwa 5-9 linaweza kusomwa kama tarehe hata ndani ya fomula. Ukibadilisha mwaka kwenye H2, piramidi inajongea mbele ya macho yako. Bila mhimili uliofungwa itakuwa inajongea mhimili na pau kwa pamoja, na hutajua kipi ni kipi.

Hatua ya 7: Soma makovu

Chukua Japani ya 2020. Uvimbe kwenye 70 hadi 74 ni waliozaliwa 1947 hadi 1949, baada ya vita. Uvimbe kwenye 45 hadi 49 ni watoto wa hao, waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Chini yake ulitakiwa uvimbe wa tatu, wa wajukuu, lakini haupo. Watu wa rika la pili walizaa wachache mno kiasi kwamba mwangwi ulikatika. Kwangu mimi, pengo hilo linaeleza kuzeeka kwa Japani kuliko maelezo marefu.

Sasa fungua takwimu za mwaka mmojammoja za nchi hiyohiyo. Utaona ufa mwembamba kwa waliozaliwa 1966, mwaka ambao kwa imani ya zamani huleta mabinti wenye nuksi. Vizazi vilishuka kwa takriban robo, kisha vikapanda tena mwaka uliofuata. Kwenye makundi ya miaka mitano ufa huo umemezwa na majirani zake. Kwa hiyo ukitafuta athari ya tukio la mwaka mmoja au miwili, usitumie makundi ya mitano. Romania ni kinyume chake: amri ya Oktoba 1966 iliyopiga marufuku utoaji mimba ilifanya vizazi vya 1967 vikaribie kuwa maradufu, na waliozaliwa wakati huo wanaonekana kwenye piramidi kama rafu iliyotokeza nje.

Kasoro nyingine hazitokani na historia bali na namna watu wanavyotaja umri. Kwenye sensa ambako wengi hawana cheti cha kuzaliwa, mtu wa miaka 39 au 41 husema 40. Piramidi ya mwaka mmojammoja inakuwa kama kitana, meno marefu kwenye 30, 35, 40, 45. Ukubwa wa tatizo hupimwa kwa kipimo cha Whipple, kinachochukua umri wa miaka 23 hadi 62. Ikiwa umri 0 uko mstari wa 2 na idadi iko safu B:

=SUMPRODUCT((MOD(A25:A64,5)=0)*B25:B64)/SUM(B25:B64)*500

Safu A hapa iwe ya namba, si maandishi. Jibu la 100 maana yake hakuna upendeleo wa 0 na 5. 500 maana yake kila mtu ametaja umri unaoishia na tarakimu hizo. Ukilinganisha sensa mbili na moja ina kipimo kikubwa, usichukulie meno ya kitana kama vizazi vilivyopanda na kushuka.

Hatua ya 8: Namba mbili za kuambatanisha

Uwiano wa utegemezi: =(SUM(B2:C4)+SUM(B15:C18))/SUM(B5:C14)*100. Ni watoto wa chini ya miaka 15 pamoja na wazee wa 65 na zaidi, kwa kila watu 100 wa umri wa kati yao. Afadhali uutoe mara mbili, wa watoto peke yake na wa wazee peke yake. Nchi mbili zinaweza kuwa na jumla moja huku moja ikihitaji madarasa na nyingine ikihitaji pensheni.

Umri wa kati ni ule unaowagawa watu nusu kwa nusu. Jumlisha makundi kutoka chini mpaka uvuke nusu ya watu wote. Tuseme watu ni 1,000, walio chini ya miaka 20 ni 460, na kundi la 20 hadi 24 lina watu 100. Nusu ni 500, hivyo tunahitaji watu 40 zaidi kati ya hao 100: 20 + 40/100 × 5 = miaka 22.

Hatua ya 9: Lifuate rika

Tumelinganisha kundi la 20 hadi 24 la mwaka mmoja na kundi la 20 hadi 24 la mwaka mwingine. Hao ni watu tofauti. Waliokuwa na miaka 20 hadi 24 mwaka 2010 walikuwa na 30 hadi 34 mwaka 2020; wamepanda ngazi mbili. Piramidi mbili zilizopishana miaka kumi zinakuruhusu kulifuata rika hilo na kuuliza limepungua au limeongezeka.

Fungua lahakazi mpya, umri ukiwa safu A, wanaume wa 2010 safu B, wanaume wa 2020 safu C. Hapa tumia idadi, asilimia haifai. Kwenye D4 weka =C4/B2, uburute hadi D17. Mstari wa mwisho una fomula yake: =C18/SUM(B16:B18), kwa kuwa waliofika 80 na zaidi wametoka makundi matatu. Rudia kwa wanawake. Miaka kati ya vipimo viwili lazima igawanyike kwa tano. Ikiwa ni saba, njia hii haifanyi kazi bila takwimu za mwaka mmojammoja.

Walikuwa 50,000 na sasa ni 47,500? Jibu ni 0.95, vifo na waliohama vimechukua 5%. Kwa vijana, 0.95 ni upungufu mkubwa ambao mara nyingi vifo peke yake haviuelezi, hivyo tazama uhamaji. Linganisha na safu ya wanawake: ikiwa wanaume wameshuka na wanawake hawajashuka, walioondoka wamekwenda kutafuta kazi au vitani. Jibu likizidi 1, rika limeongezeka, na rika haliwezi kuongezeka kwa kuzaliwa. Limepokea wahamiaji.

Isipokuwa kwenye mstari wa 4. Huko linganisho ni la waliokuwa 0 hadi 4 na sasa ni 10 hadi 14, na kwenye sensa nyingi watoto wachanga ndio wanaosahaulika zaidi kuhesabiwa. Miaka kumi baadaye watoto haohao wanahesabiwa vizuri, na uwiano unaruka juu ya 1 bila mgeni hata mmoja kuingia nchini. Ukiona mstari wa 4 uko juu na wa 5 na wa 6 iko chini ya 1 kama kawaida, rudi kwenye piramidi ya 2010, tazama upau wake wa chini kabisa, na uandike pembeni yake kwamba ni mfupi kuliko ulivyopaswa kuwa.